Saadia, Uliyerudisha Sinia Tupu Siku ya Idi

Mwaka umeshatimia, Saadia mdogo wangu, tangu tulipokuaga, na hapa mtaani Kuze bado hatujapata wa kusuka ukili wa mikeka kwa mkono kama wako. Ulisuka huku ukisema, na kusema kusikuzuie kusuka. Ulimfukuza paka wa jirani kwa kelele, kisha kichwa cha samaki ukampa yeye. Asumini hukuikosa kichwani hata siku ya kufua.

Lakini tunalotaka wajukuu wako walijue ni la mwaka wa njaa, bara kulipokauka na wenzetu wakavuka kuja kisiwani, na hata sisi wa mjini tukapima mchele kwa kiganja.

Jirani yetu Afaf alikuwa amefiwa na mumewe kwa ndui, watoto wangali wadogo. Jina lake tunalitaja kwa idhini yake. Tulimpelekea chakula, akapokea, kisha akawa hafungui tena mlango. Sahani zetu hazikurudi. Watu wakaanza: "Huyu anakula na vyombo?"

Wewe hukucheka. Ulisema, "Tumelelewa kuwa chombo cha mtu hakirudi kitupu. Sasa yeye atatia nini? Machozi?"

Siku ya Idi, Bi Nana, mzee wa mtaa wetu, alikuletea sinia ya pilau. Mkala, ukaiosha, ukairudisha mwenyewe mchana, tupu, kila mtu aone.

"Saadia! Hata tende moja?"

"Hata kokwa yake."

"Kwani umefilisika?"

"Sijafilisika. Na yangu nirudishie tupu vilevile."

Ulisemwa wewe! Ukapita nyumba hata nyumba, ukibembeleza na kugomba, mpaka mtaa mzima ukarudisha vyombo vitupu, mwenye nacho na asiye nacho, ikawa hajulikani nani hana. Ndipo Afaf alipofungua mlango, akatoka na sahani zetu zote, zimesuguliwa kwa majivu zinang'aa. Watoto wake wakala.

Ulipenda kusema, "Mwenye njaa ana mzigo tayari, msimtwike na aibu." Tena ulisema kulishana ni kazi ya mtaa, kama kuzika: "Maiti hatumuulizi kama anastahili sanda. Aliye hai mbona tumhoji?" Ukaanzisha chungu cha Ijumaa, ale yeyote ajaye, na mpaka leo hakijakosa moto.

Juzi, kwenye khitma yako, Bi Nana alitaka wanaokuja kula Ijumaa waketi kwanza barazani, tuwajue ni kina nani, maana siku hizi wengi ni wageni wa reli na bandari. Wengi wakaitikia. Nilikuwa nafungua kinywa, Afaf akanitangulia. Alisimama mbele ya wakwe zake, watu waliooana na wanawe miaka ya baadaye, ambao hawakujua habari hii.

"Yule aliyejifungia mwaka wa njaa ni mimi. Mngeniambia niketi barazani nionekane, wanangu mngewazika."

Bi Nana akashusha pumzi. "Keti, mwanangu. Uzee umenitia ujinga. Pikeni, na anayeingia asiulizwe."

Ijumaa iliyofuata tulipika. Akaja mtu wa bara na mkewe, wakala wakashiba. Anaitwa Kitsao. Tunalijua jina lake kwa kuwa alilitaja mwenyewe, akituaga.

Tunaokukumbuka: mumeo Idarus, wanao Amin na Hadi, wajukuu zako wote, mimi dadako Mona, na Afaf, aliyeomba aandikwe miongoni mwa nduguzo.

Mungu akulaze pema. Hututoki moyoni daima.