Hawapiti Mlangoni Pangu

Dongobesh, Jumapili jioni. Julai, na baridi lake.

Leo ukungu umekaa mpaka mchana, na jua lilipotoka lilitoka kinyonge tu, kama mtu aliyelazimishwa. Nimevaa sweta mbili na bado natetemeka. Najua si baridi peke yake.

Tumefungwa mbili bila. Hiyo si habari, tunafungwa kila siku. Habari ni kwamba nimerudi nyumbani na tiketi zangu karibu zote, kama nilivyokwenda nazo, na safari hii najua kwa nini. Afadhali nisingejua.

Kwa asiyenifahamu: naitwa Paulina. Nina duka la pembejeo hapa sokoni, na Jumapili nakata tiketi kwenye mlango wa uwanja wetu. Mlango wenyewe ni mmoja tu. Uwanja umezungushiwa mabati, ndani kuna jukwaa la mbao upande wa barabara ya Haydom, na timu yetu inacheza ligi ya mkoa. Si zamani sana watu walikuwa wanajaa mpaka wengine wanapanda mikaratusi iliyo nje ya uzio kuchungulia bure, na mimi nawafokea mpaka sauti inakauka. Leo hakuna wa kumfokea. Wote waliokaa jukwaani ningeweza kuwaalika kwangu chai na vikombe vingetosha.

Uwanja mtupu unatisha, jamani. Ukiwa umejaa husikii kitu, unasikia watu tu. Ukiwa mtupu unasikia mpira ukigonga bati, unamsikia beki anavyohema, filimbi ya refa inakwenda mpaka mlimani halafu inarudi. Na mimi, Mungu anisamehe, huwa nasikia makofi.

Nasikia makofi ya siku ile.

Fabiano alikuwa mdogo wangu, tumbo moja, na alikuwa kipa wetu. Siku ile, mwaka jana, tulikuwa tunaongoza moja bila na mechi ilikuwa inakaribia kwisha. Uwanja umefurika. Mimi nilikuwa nimeacha mlango, nimesogea ndani kuangalia dakika za mwisho. Ikapigwa krosi. Fabiano akaruka, akaudaka, akashuka nao, akaukumbatia kifuani na kulala juu yake. Hakuinuka.

Tukajua anapoteza muda. Alikuwa mjanja kwa mambo hayo, nani asiyemjua? Mashabiki wa wageni wakazomea. Sisi tukapiga makofi. Kadiri alivyozidi kulala ndivyo tulivyozidi kushangilia, tukaanza kuimba jina lake, watu wanacheka mpaka wanashikana mabega. Refa akaja mbio, mkono uko mfukoni anatafuta kadi ya njano. Akainama. Halafu akapiga magoti.

Makofi hayakuisha mara moja. Yaliisha kipande kipande, maana waliokaa mbali walikuwa bado hawajaelewa.

Mimi ndiye niliyekimbia kufungua mlango gari lipite kumpeleka hospitali ya Haydom. Gari lilijaa, nikabaki nimeshika bati la mlango. Moyo ulisimama, ndivyo tulivyoambiwa baadaye. Kijana mzima, asubuhi yake alikuwa amekula ugali na maziwa mgando akanitania kwamba nanenepa.

Baada ya hapo watu wakaanza kupungua. Mwezi wa kwanza nilisema ni huzuni. Baadaye nikasema ni usahaulifu, na hapo ndipo nilipoanza kuwachukia watu wa mji huu. Ndiyo, nimewachukia. Mtu anakuja dukani kununua dawa ya mahindi, ananisalimia vizuri, anamuulizia mama yangu, halafu Jumapili simwoni. Nikawa nampimia dawa na kumwekea juu ya kaunta, kama wote walivyozoea kuomba, huku moyoni namwambia: ulimwimba akiwa anakufa, leo hata kuja kukaa alipofia huwezi.

Alhamisi iliyopita kamati ya timu iliketi. Wakaanza nyimbo zao. Huyu anasema mnada wa Jumapili umeua mpira. Yule anasema ni viazi, watu wako mashambani. Mwingine anasema ni vibanda vya video, kwamba nani atakuja kupigwa na vumbi kuwaangalia watoto wa jirani wakati anaweza kukaa kwenye benchi na kuwaona Wazungu wakicheza kwenye nyasi kama zulia. Mwenyekiti akawasikiliza, kisha akanigeukia mimi, kwa upole ambao haukunipendeza.

"Dada Paulina, Jumapili hii na inayofuata. Pasipojaa, tunahamia Haydom. Kule kuna watu, kuna wafanyakazi, wageni wanashuka kwenye mabasi kila siku. Timu haiwezi kuishi hivi."

Nilitoka pale nimefura. Wakihama, pale mahali patakuwa malisho ya ng'ombe. Goli lile litang'olewa nguzo mtu akajengee banda. Nani atakumbuka kwamba hapa ndipo alipolala?

Nikaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha video kilicho nyuma ya soko. Nilitaka kuwaona kwa macho yangu. Kelele unazisikia ukiwa bado mbali, mechi ya Ulaya, wanaruka, wanatukana refa asiyewasikia. Nikasukuma mlango nikaingia.

Kibanda kizima kikanyamaza. Kweli kabisa, mtangazaji peke yake ndiye aliyeendelea kupiga kelele kwenye runinga. Mmoja akaondoka kwenye benchi la karibu, na mwenzake akamfuata, nikaachiwa benchi zima kama mgeni rasmi. Hakuna aliyekaa karibu nami. Hata goli lilipoingia, hakuna aliyeshangilia. Nikasema moyoni, vizuri, aibu imewashika. Nikaondoka nikitembea kwa maringo, mjinga mimi.

Sasa leo.

Wageni wetu walikuwa timu ya kule Hanang. Walikuja na watu wachache, na kati yao alikuwepo mzee mmoja Mdatoga kutoka Dirma, mrefu, amejifunga shuka, fimbo mkononi, kijana wake anacheza namba saba. Sikuwahi kumwona kabla. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitika marahaba vizuri tu. Nikamnyooshea tiketi.

Hakuipokea.

"Weka mezani, mama," akasema. "Nitaichukua mwenyewe."

Nikadhani hakunielewa, Kiswahili chake ni cha kuokoteza kama cha bibi yangu. Nikamnyooshea tena. Akarudi nyuma hatua moja. Hakuwa na ubaya usoni, hata kidogo. Alikuwa ananionea huruma.

"Wewe ndiye dada wa yule kipa?"

Nikasema ndimi.

"Kule kwetu tunasikia. Uwanja wa Dongobesh una msiba haujaisha, dada yake bado amekaa mlangoni. Nilifikiri ni maneno tu ya watu." Akaniangalia kichwani. "Pole, mama. Mtoto wangu anacheza humo ndani. Siwezi kuingia na kitu kutoka mkononi mwako."

Akaiacha pesa mezani, na tiketi pia akaiacha. Akaenda kusimama nje ya uzio, kwenye mikaratusi, akamwangalia kijana wake kupitia tundu la bati mpaka mwisho.

Kuna maneno ukiambiwa na mtu wa kwenu unabisha. Akikuambia mtu wa mbali, asiye na sababu ya kukusema, unamwamini.

Labda nieleze, maana vijana wa siku hizi mnaosoma ukurasa wangu huu hamjui. Kwetu Wairaqw, zamani, nyumba ikipatwa na kifo kibaya ilijitenga. Wenye msiba hawaendi sokoni, hawachoti maji na wenzao, hawampi mtu kitu mkono kwa mkono, na watu hawaendi kwao. Si chuki. Ni kuzuia baya lisitembee. Muda ukiisha mnanyolewa, mnaoga, mnarudi kwa watu na watu wanawapokea. Wazee wanaita metimani. Sisi tumebatizwa, tunasema hayo tumeyaacha, padri akizika imetosha. Tunasema hivyo.

Siku ya kunyoa kwetu ilikuwa Jumapili iliyofuata mazishi. Baba alinyolewa, mama alinyolewa, wadogo zangu wote. Mimi sikuwepo. Nilikuwa uwanjani, kwa sababu kabla ya mechi walikuwa wanasimama dakika moja kumkumbuka Fabiano, na nilisema hakuna wembe utakaonizuia. Nikakaa mlangoni, nikakata tiketi, mkono kwa mkono, kwa mji mzima. Mama akasema basi utanyolewa ukirudi. Nikarudi nimechoka. Kesho yake nikasema kesho. Hizi nywele ninazozisuka mpaka leo ni zile zile za msibani, na kila anayekuja mlangoni anaziona.

Mechi ilipoisha nilimfuata Mama Neema. Ni jirani yangu, anachoma mahindi nje ya uwanja kila Jumapili, na tangu nizaliwe hajawahi kunidanganya. Nikamuuliza waziwazi: hawaji kwa sababu yangu?

Akageuza mahindi. Akageuza tena, hata ambayo hayajaiva upande.

"Mama Neema, nakuuliza!"

"Sasa ulitaka nani akuambie, Paulina?" Machozi yalikuwa yanamtoka, akasingizia moshi. "Nani aende kwa mtu aliyefiwa amwambie toka mlangoni? Tulisema utanyolewa mwenyewe siku ukiwa tayari. Tukasubiri. Watu wanataka mpira, wanaupenda, unawasikia huko vibandani. Lakini kupita mbele yako kwenda kucheka, wewe ukiwa bado kwenye msiba? Tulishamchekea mara moja, inatosha."

Hata kipa wetu mpya, kumbe. Na yule aliyedaka kabla yake, baada ya Fabiano. Nilikuwa nawatukana kila wiki kwa nini goli la upande ule wanasimama pembeni, wanaacha wazi mahali pote pa katikati kama vipofu. Mabao yote mawili ya leo yamepita hapo. Hawasimami alipolala Fabiano. Wanaona bora wafungwe.

Kwa hiyo mwaka mzima mimi nawanunia kwamba wamemsahau, wao wananikwepa kwa sababu hawajamsahau. Na mnada tumeusingizia bure, na viazi pia. Nimecheka peke yangu njiani, watu wakaniangalia.

Mama Neema anakuja kesho asubuhi na wembe. Mama yangu nimemwambia, amekwenda kuweka mtama wa pombe kwenye maji. Baba ametoka nje, akarudi akaniambia kwamba Jumapili atakwenda uwanjani, hajakanyaga pale tangu siku ile. Mwenyekiti nimempigia simu nikamwambia atafute mtu mwingine wa mlangoni. Akashusha pumzi kwa nguvu mpaka nikaisikia kwenye simu. Nadhani pale patajaa. Habari za namna hii hapa kwetu hazihitaji gari la matangazo, mpaka kesho jioni Haydom yote itakuwa inajua. Timu haitahama.

Nifurahi, basi. Si ndicho nilichokuwa nakitaka?

Nimekaa kitandani nimefungua nywele, ziko mabegani, na sitaki. Niseme ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayenikatiza. Mlango ule sikuung'ang'ania kwa ajili ya klabu. Yangekuwa mapenzi ya klabu ningekaa jukwaani kama wengine. Fabiano alitoka kwa mlango ule mwili ukiwa bado na joto, kichwa chake kiko kwenye mkono wa mtu, na mimi nikiwa nimeshika bati. Aliporudi Dongobesh alirudi kwenye sanduku, kwa barabara ya kanisani. Kwa mlango ule hajarudi. Najua anapolala, nimemwaga udongo kwa mkono wangu, sijarukwa na akili. Ila kila Jumapili, anayenijia na pesa mkononi, kabla sijampa tiketi namtazama usoni kwanza.

Nimefanya hivyo kwa kila mtu. Hata kwa yule mzee wa Dirma.

Kesho nitanyolewa. Nitaoga, pombe ikiiva nitakunywa na watu, watanishika mkono. Halafu Jumapili mji mzima utapita mlango ule, mmoja baada ya mwingine, na hakutakuwa na mtu pale wa kuangalia kama Fabiano yumo.