Wodini Hakuna Mtani

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Wodi ya wanaume. Siku ya kwanza, na Sista Veneranda kashanimaliza. Ndiye mkuu wa wodi, kahamia Tabora juzi juzi kutoka Bukoba. Kaniuliza kwetu wapi. Sikonge, nikasema. Akasema ndiyo maana nanuka tumbaku. Mbele ya wagonjwa! Yustina, tunayesoma naye uuguzi msaidizi, akacheka kuliko wote. Baadaye nimemwaga bedpani mpaka pua ikafa ganzi.

Meza tu, Levina. Sista asiposaini fomu yangu ya fildi, haya mafunzo ya wodini, mtihani sifanyi. Bila cheti narudi kwa baba, kwenye bani, kuchochea moto wa kukaushia tumbaku mpaka macho yaive. Sirudi mimi!

Jumatano, 10 Septemba 2025

Kitanda cha dirishani kuna Mzee Majidi, mstaafu wa reli. Moyo umechoka, miguu imevimba. Hali chakula. Uji wa kila mtu anaurudisha. Leo kaniuliza kabila. Mnyamwezi, nikamjibu.

Weee! Mzee akainuka kitandani. "Mpagazi wangu huyo! Babu zako walibeba mizigo yetu mpaka Pwani, na wewe nibebe unipeleke chooni!"

Kumbe Mzaramo. Mtani! Nikamuuliza, Mzaramo gani anakataa chakula, na ninyi msiba wa jirani mnauita pilau? Kacheka mpaka akakohoa. Kamaliza bakuli. Bakuli zima!

Ijumaa, 12 Septemba 2025

Sasa kila mlo unaanza na matusi. Bila tusi mdomo haufunguki. Ananiita punda wa msafara, namwita mla ubwabwa wa watu. Mchana nikamwambia, kufa basi Mzaramo, nikuzike kifudifudi, ukilala chali utachungulia sahani za waombolezaji. Anajipiga mapaja kwa kicheko. Nageuka — Sista Veneranda!

Nikamweleza. Ni utani, Sista, wa jadi, tangu enzi za misafara ya pembe. Akasema wodini hakuna mtani, kuna mgonjwa. Akamwita Yustina kama shahidi. Yustina wa Puge, Mnyamwezi mwenzangu! Huyo kwao watani wanaingia kaburini na kugoma kutoka mpaka wapewe kitu, anaujua utani kuliko mimi. Akainamisha macho, akasema hata yeye alishangaa.

Mnafiki mkubwa. Fildi ikiisha hospitali itamwajiri mmoja tu kati yetu, ndiyo sababu.

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Matroni, mkuu wa wauguzi wote, kaja mwenyewe mpaka kitandani. Nikashusha pumzi, nikajua mzee ataniokoa. Akamuuliza: mzee, huyu binti ni mtani wako?

Mzee Majidi kanitazama. Akavuta shuka mpaka kidevuni. "Simjui huyu. Kila siku ananitukana. Mfukuzeni!"

Nikamwambia mzee, sema kweli! Akasema, "Mnaona? Ananifokea." Na akanikonyeza. Mimi tu nilimwona. Matroni akaandika, akaondoka.

Nikamrudia. Anacheka hadi machozi. "Leo nimekupata, punda! Waache wakutoe jasho kidogo, kesho nitawaambia."

Nikacheka na mimi. Ningefanyaje? Mtani hachukiwi. Lakini nimehesabu saa mpaka kesho.

Jumanne, 16 Septemba 2025

Kesho hiyo ndiyo leo. Nimemkuta na mpira wa oksijeni puani. Hali imebadilika alfajiri, pumzi haitoshi kusema neno. Ameniona, akainua kidole, akajaribu — kikohozi tu. Nikamkimbilia Matroni nikamwambia amuulize tena, hata kwa kutikisa kichwa. Hapana. Mgonjwa asisumbuliwe.

Nimepigwa marufuku kusogelea kitanda chake. Yustina ndiye anamlisha sasa. Uji umerudi na utando juu.

Mzee, utani gani huu? Nimekuchukia leo. Nimekuchukia kabisa!

Jumatano, 17 Septemba 2025

Mapumziko. Naandika nyuma ya jengo la kufulia.

Asubuhi Matroni kanipa njia mbili. Nimwombe mzee radhi mbele ya wodi nzima, kwa heshima ya mkubwa, au nifunge begi. Nikawaza bani. Nikawaza ule moshi.

Nikaenda. Mzee kuniona tu, kajiweka sawa kwenye mto, uso wote unangoja tusi. Hata midomo keshaiweka tayari kucheka! Nikapiga goti.

"Shikamoo, babu."

Tangu tujuane sijamwamkia. Salamu yetu ni tusi. Nikaendelea tu, macho sakafuni. Nisamehe babu, nilikukosea adabu, wewe si mtani wangu, sitarudia. Nilipoinua uso alikuwa bado ananitazama, kama mtu anayesubiri sehemu ya kuchekesha. Ilipokuwa haiji, akageukia dirisha.

Matroni kafurahi. Sista kasaini fomu yangu pale pale. Kanishika bega, eti sasa nimekuwa muuguzi. Na nilifurahi! Mungu anione, nilifurahi mpaka nikatoka mbio nje nikampigia baba simu.

Mchana mzee kakataa uji wa Yustina. Kakataa wa Sista. Kauma meno, kijiko hakipiti, vidonge amevitema. Daktari kasema akiendelea hivi hamalizi wiki.

Yustina kaja hapa sasa hivi. Hanitazami usoni. Sista anasema mzee alikuwa anakula kwako, njoo umlishe. Kwa adabu, lakini. Mkaguzi kutoka mkoani yuko wodini, na Sista mwenyewe atasimama hapo hapo asikie.

Nimemwambia nakuja.

Tusi ninalo. Limekaa mdomoni, zuri, jipya, la kumwachanisha meno Mzaramo yeyote. Na karatasi iliyosainiwa iko mfukoni; tusi moja mbele ya mkaguzi, inachanwa. Nasikia Sista anaita, Levina, uji unapoa —