Dozi Moja kwa Pacha Wawili

Nyumba ya nyuma ya karakana,
Jumanne asubuhi.

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini mguu wako umepata nafuu na Baba Mkubwa amerudi salama kutoka safari ya kikazi. Sisi tunaendelea, ila si wote.

Wadogo zangu pacha, Kifungo na Tundu, waliugua homa ya matumbo. Kifungo ndiye aliyepelekwa zahanati akapewa vidonge. Kesho yake Tundu naye akaanza kuchemka. Unajua Mama anavyowagawia kila kitu sawasawa, hata yai. Basi akaigawa na dozi, nusu kwa nusu. Wakapona, au tulidhani hivyo.

Juzi homa ilimrudia Kifungo, na tumbo linamuuma. Mama anasema ni uchovu wa mpira.

Nimesoma kitabu cha baiolojia cha maktaba ya shule, na sasa natamani nisingekifungua. Bakteria wa homa hii hawavamii ovyo. Wakiwa njiani, penye nyongo nyingi, wanatulia. Wanapima chumvi, wanapima hewa, na wakishajua wamefika sehemu ya utumbo wanayoitaka, ndipo wanaunda sindano ndogo na kuidunga seli. Seli inadanganyika, Mama Mkubwa. Inanyoosha ngozi yake na kuwakumbatia yenyewe. Wakishaingia, wanaacha kuunda sindano, wanajificha humo, kimya. Nusu dozi haiwamalizi.

Nilimweleza Mama tukiwa mezani, macho yangu kwenye sahani. Akacheka: “Profesa, hao wadudu wako wamekupa na ratiba yao?” Tundu naye akacheka. Kifungo hakucheka. Nikaamua kukuandikia, unanijua, kwa kalamu nasema vizuri zaidi.

Simu ni ya Mama na haitoki mkononi mwake. Ndiyo maana nampa barua hii jirani yetu dereva wa lori, atakufikia leo jioni. Tafadhali mpigie Mama ukishaisoma tu. Wewe ni dada yake, hakuna anayemsikiliza zaidi. Mwambie awapeleke wote wawili hospitali kubwa, na kila mmoja apewe dozi yake, aimalize.

Nisalimie Baba Mkubwa na dada fundi cherehani. Mungu awafunike nyote.

Nilikuwa natafuta bahasha, Kifungo akasema tumbo haliumi tena. Mama anaimba jikoni. Nimemgusa Kifungo paji la uso. Linaunguza.

Mwanao akupendaye,
Profesa