Siku Mtemi Alipoitikia Marahaba

Mke wangu Mama Kabula,

Macho yanaendeleaje huko Dar baada ya upasuaji? Kama yameanza kuona vizuri, usiharakishe kuniangalia, nimezidi kuwa mbaya. Hii nimeiandika mwenyewe kwa elimu yangu ya darasa la nne, kwa hiyo usimpe Kabula akusomee. Mengine hayamhusu.

Unaikumbuka siku tuliyovuka na kivuko kwenda Ukerewe kutazama magofu ya boma la mtemi? Kuta za mawe zimebaki nusu, ndani nyasi kama shamba la mvivu. Mwongozaji akasema, "Wazee wangu, hapa tunavua viatu." Ukavua mara moja. Mimi nikasema mtemi kashakufa, paa nalo limekwenda, nimvulie nani? Nikaingia navyo, nikapaza sauti: "Shikamoo mtemi!"

Nyuma ya ukuta sauti ikaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu. Viatu!"

Nilitoka mbio kama mbuzi aliyeona fisi. Kumbe ni bibi mmoja anachuma mlenda. Kasikia shikamoo na vishindo vya viatu vyangu, kaitikia kama yake. Ulicheka mpaka ukakaa chini, na bibi akaja akakaa, mkanicheka wawili. "Baba Kabula, mbio hizo ulizificha wapi siku zote za kulima?"

Kisha tukapanda kilima. Pale kwenye majabali yaliyobebana, magoti yako yakagoma. "Nenda wewe, utanisimulia." Nikafika kileleni, ziwa pande zote, visiwa vimetapakaa, nikageuka hapo hapo. "Mbona upesi hivyo?" Nikakuambia huko juu hakuna mtu wa kumchokoza.

Nyumba yetu ya Igogo sasa ndiyo iko hivyo. Nakaa, nasimama, natoka. Jioni najikuta stendi ya Buzuruga, natazama mabasi ya Dar yakishusha watu. "Mzee, unampokea nani?" Nawaambia nakagua matairi.

Juzi Kabula kapiga simu, eti ubaki kwake moja kwa moja. Nikamjibu, "Sawa, akae, na mimi nipumue." Mama Kabula, ule ulikuwa mdomo tu, unaujua. Sijapumua tangu siku hiyo.

Niambie wewe, si Kabula. Ukitaka kurudi, nakuja kukuchukua. Ukitaka kukaa, nakuja nikusumbue huko huko kwenye joto lenu. Begi nimelipanga, nikalipangua, nikalipanga tena. Kuku nimeshamgawia jirani.

Mumeo, msumbufu wako,
Baba Kabula