Turubai Juu ya Samadi

Soncino, 4 Machi

Mdogo wangu Nives,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila mguu wa Baba bado unamsumbua na ndama mmoja anaharisha. Mumeo Duilio hajambo?

Tangu Baba arudi kutoka kwako, mezani habari ni moja tu: bwawa lako la samadi. Nives kalifunika kwa turubai. Nives ananasa gesi ya methani iliyokuwa ikipotelea hewani na kuichemsha dunia, sasa inaendesha injini na kupasha moto maji ya zizini. Jana alisimulia mpaka chakula kikapoa. Mimi namfunga viatu kila asubuhi. Wewe umefunika mavi, ndiwe umekuwa binti.

Usiniletee mafundi wako. Bwawa langu nitalifunika mwenyewe.

Dada yako, Ornella


Viadana, 19 Machi

Dada Ornella, shikamoo.

Nashukuru mko wazima. Mpe Baba pole ya mguu. Duilio anakusalimu.

Umeandika kwa hasira, mimi najibu taratibu. Shamba la nyumbani ulipewa wewe. Nimejenga kwa mume kwa sababu kwetu sikubakiziwa hata banda la kuku. Fanya utakavyo, ila turubai lisilo na bomba la kutolea gesi ni hatari. Tafadhali usinunue kwa watu wa mnadani.

Mdogo wako, Nives


Soncino, 30 Juni

Nives,

Natumaini hujambo. Huku tuko hai, na si kwa akili yangu.

Nilinunua mnadani. Joto lilipopanda, turubai likavimba kama tumbo la ng'ombe mfu. Baba akaenda kulitazama, sigara mdomoni. Nilimkimbilia, nikaipiga ile sigara ikaangukia mtaroni kwenye maji. Akaichungulia sigara yake majini, akasema, "Mwite Nives." Si pole, si asante.

Basi nakuita. Njoo na mafundi.

Dada yako, Ornella


Viadana, 2 Agosti

Dada Ornella, shikamoo.

Tulifika nyumbani salama. Baba anaendeleaje? Bomba halivuji?

Niliondoka bila kukuaga vizuri. Mafundi walipomaliza, Baba alinisindikiza garini. Nilidhani atanisifu. Akasema, "Kazi nzuri. Lakini dada yako alinirukia penye gesi ile bila kujifikiria. Wewe ungempigia fundi simu."

Nililia njiani mpaka daraja la mto Oglio. Duilio akadhani tumegombana, mimi na wewe. Turubai ninalo, injini ninayo, ila neno kama lile sijawahi kuambiwa. Nakuonea wivu, dada. Usimwambie Baba.

Mdogo wako, Nives


Soncino, 9 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Sote wazima, bomba halivuji.

Barua yako imenichekesha, unisamehe. Neno hilo mimi hajaniambia. Siku ile ulipoondoka alirudi ndani akaniambia polenta, ugali wetu wa jioni, imezidi chumvi.

Njoo Jumapili. Tutakaa jikoni, unisimulie upya alivyosema, polepole, nisikie.

Dada yako, Ornella