Mtani Wako Aliniona Nikicheka

Baba,

Ni miezi minne tangu tukuzike. Mama amerudi kazini, kule kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mimi wiki iliyopita nilitoa bango lako la Palestina nyuma ya kabati, siku timu ya taifa ya Israel ilipokuja hapa kucheza na Uingereza, nikaenda na Baba Mdogo kuandamana nje ya uwanja. Nilipaza sauti, Baba. Mimi, ninayeona aibu hata kubonyeza kengele ya basi.

Halafu akapita Solly. Jirani yetu, Myahudi wako, mtani wako. Miaka yote mlitukanana kila Jumamosi, wewe na timu yako, yeye na yake. Msibani ndiye aliyeosha masufuria, akamwambia Mama, "Amekufa makusudi, asituone tukibeba kombe." Mama akacheka, mara ya kwanza tangu ulipolazwa hospitalini.

Alivaa kikofia chake cha Kiyahudi na skafu ya Uingereza. Ya Uingereza, Baba! Vijana nyuma yetu wakaanza: "Ssssss." Sauti ya gesi. Ile gesi ya Wanazi iliyowaua shangazi zake, alivyotusimulia mezani kwetu. Baba Mdogo akaniambia, "Usinune bwana, utani wa mpira huo."

Nikacheka. Solly akageuka, akaniona, bango lako mkononi.

Utani gani huo? Mtani hukutukana, na ukifa anakuja kukuzika. Wale wangemzika nani? Watoto wa Gaza waliwatuma lini kumtisha mzee anayekwenda kutazama mpira? Wamelichafua bango lako. Nina hasira nao. Nina hasira na Baba Mdogo, anakula ugali wetu kama hakuna kilichotokea. Na wewe pia, nisamehe, kwa kufa mapema. Ungekuwepo ungewatukana mpaka wakimbie.

Lakini mimi ndiye mbaya zaidi. Wao hawajui utani ni nini. Mimi ulinifundisha.

Solly hagongi tena mlango wetu.

Leo nakwenda kwake. Sitasema sikuelewa. Nitasema nilicheka. Asipofungua, nitarudi kesho, na keshokutwa. Na Jumapili, Baba Mdogo akija na wenzake wa maandamano, nitamwambia mbele yao kwamba alikosea, hata nikiona aibu. Maandamano sitaacha. Ila atakayetoa tena sauti ile karibu yangu, nakuahidi, atanisikia mimi kwanza.

Pumzika, Baba. Navaa viatu. Naogopa sana.

Mwanao,
Neema