Mchezo wa Miguu Juu Katika Rundo la Pamba

…kwa hiyo, kama tulivyokuwa tukibishana ghalani kabla ya kuhamia ofisini, swali lilibaki lile lile: Elia alirusha miguu kwa mchezo au kwa kukosa hewa?

KIKUNDI CHA SANAA NA FILAMU, BARIADI
Tarehe: 14 Julai 2025
Mahali: Ofisi ya kikundi
Waliohudhuria: Mzee Selestini (Mwenyekiti), Bi. Mwatima (mpiga picha), Ndg. Elia (mwigizaji, na mume wangu tangu mwezi uliopita, namshukuru Mungu), Bi. Winnie Elia (Katibu)
Hakuhudhuria: Ndg. Deogratias, anauguza ng'ombe kijijini Mkula

KUMB. NA. 4/7/2025: MAZOEZI YA JANA
Mwenyekiti alieleza kwamba mchezo wa "Miguu Juu" aliuigiza ujanani na marehemu Luhaga kwenye ngoma za mavuno. Mmoja anatumbukia kichwa chini katika rundo la pamba. Mwenzake anamtafuta, anaibuka na kofia, kiatu, mara kuku, huku miguu ikirushwa na watu wakivunjika mbavu. Filamu yetu itaurudisha.

Jana Elia alirusha miguu kwa nguvu sana na wote tulicheka, Katibu akiwemo. Alitolewa kwa sababu betri ya kamera iliisha.

Katibu aliuliza ingekuwaje kama betri ingekuwa imejaa. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba Katibu anaandika, hachangii. Katibu aliendelea kuchangia.

Bi. Mwatima alishauri itumike miguu ya sanamu. Mwenyekiti alipinga: "Mwanangu, watazamaji wa sasa wana simu, wanarudisha nyuma. Wakiona sanamu, tumekwisha." Aliongeza kwamba lori la kubeba pamba linakuja keshokutwa, hivyo turekodi kesho.

Ndg. Elia aliulizwa kama jana alikuwa anaigiza. Mume wangu, ambaye hata chai ikimuunguza hutabasamu nisije nikaumia, alijibu: "Mwanzoni, ndiyo."

Katibu aliomba kutoka nje kidogo. Aliruhusiwa.

KUMB. NA. 5/7/2025: SIMU KWA MAYU NYANJIGE
Mayu Nyanjige (mayu ni mama kwa Kisukuma), mjane wa Luhaga, alipigiwa simu huko Nkoma, spika ikiwa imewashwa. Aliulizwa mumewe alinusurikaje miaka yote ile. Alijibu: "Nilikaa mbele. Kazi yangu ilikuwa kutocheka."

Mwenyekiti alisema siku zote alidhani mayu hapendi mchezo wao. Alijibiwa: "Nilikuwa naangalia miguu ya mume wangu, Selestini. Wewe ulikuwa unaangalia watu."

Alipoulizwa miguu ya mchezo na ya kuomba hewa inatofautianaje, alikataa kueleza kwa simu. "Huyo mke aje mwenyewe, nimwone kama anaweza."

MAAMUZI: Kesho haturekodi, lori lichukue pamba. Mwenyekiti alitaka iandikwe kwamba amekubali shingo upande, imeandikwa. Elia hataingia katika pamba yoyote hadi Katibu afundishwe na mayu kuisoma miguu.

Katibu alieleza kwamba anaogopa sana, kwani hajawahi kumtazama Elia akiigiza asicheke. Ndivyo alivyompenda.

Tuliinuka saa kumi jioni.

Selestini, Mwenyekiti
Winnie Elia, Katibu

Nakala: Mayu Nyanjige, Nkoma. Tutakuja, mimi na Elia, kabla mwezi huu haujaisha.